Kihindi ni Lugha Gani? Zama za Historia ya India kwa Jicho la Mwalimu wa Lugha

Muhula uliopita, katika somo la isimu-historia, tulikuwa tukichambua maneno ya mkopo katika Kiswahili. Wanafunzi waliandika ubaoni gari, pesa, laki, hundi, bima, bepari na chapati, na mbele ya kila neno wakaweka asili yake: Kihindi. Ndipo mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, Kihindi ni lugha gani? Wahindi wenye duka jirani na kwetu wanasema wao huzungumza Kigujarati." Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa zito kuliko dakika zilizosalia za kipindi. Nilimwahidi jibu la maandishi, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Limekuwa refu kuliko nilivyotarajia.

Neno bepari, kwa mfano, limefika kwetu kwa umbo la Kigujarati. Gari na laki yanapatikana katika lugha nyingi za kaskazini mwa India, na si rahisi kuthibitisha ni baharia au mfanyabiashara wa lugha ipi aliyeyashusha pwani. Kwa hiyo "Kihindi" cha kamusi zetu ni kikapu tu. Ili kujua kilichomo kikapuni inabidi turudi nyuma miaka elfu nne na zaidi.

Kabla hatujaanza, tahadhari moja. Vitabu vingi vya historia vilivyotufikia hugawa historia ya India katika vipindi vitatu: cha Wahindu, cha Waislamu na cha Waingereza. Mgawanyo huo ulienezwa na James Mill katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1817. Mill hakuwahi kufika India, wala hakujua lugha yoyote ya huko, na katika dibaji yake alijitetea kwamba hilo si kasoro. Sisi walimu wa lugha tuna haki ya kutilia shaka utetezi wa namna hiyo. Tazama pia jinsi alivyovipa vipindi majina: viwili vya kwanza vinaitwa kwa dini, lakini cha tatu hakikuitwa cha Wakristo. (Wanafunzi wasisahau, katika Kiswahili Mhindi ni mtu wa India na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Kosa hili nimelisahihisha katika insha nyingi.) Mimi napendekeza tuulize swali jingine katika kila zama: dola iliandika kwa lugha gani, na watu walizungumza nini?

Miji isiyosomeka

Habari inaanzia katika bonde la mto Indus, ambalo sehemu yake kubwa leo iko Pakistan. Miji ya Harappa na Mohenjo-daro ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 K.K. hivi. Ilikuwa na mitaa iliyonyooka, visima, mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, na matofali ya vipimo vya aina moja toka mji hadi mji. Mawe yao ya mizani nayo yalikuwa ya kiwango kimoja. Dunia haikuwa na habari nao mpaka uchimbaji wa miaka ya 1920, na ugunduzi ukatangazwa na John Marshall mwaka 1924.

Watu hao waliandika. Walichonga alama kwenye mihuri midogo ya mawe, mara nyingi juu ya picha ya mnyama. Alama zinazojulikana ni kama 400, lakini maandishi yenyewe ni mafupi mno, wastani wa alama tano tu, na hadi leo hakuna aliyeyasoma kwa namna iliyokubaliwa na wataalamu wenzake. Kwa hiyo zama hizi za kwanza tunaziona, bali hatuzisikii. Hatujui hata walijiitaje. Anayedai kwamba lugha yao ilikuwa mama wa Kitamil, au mama wa Kisanskriti, anasema zaidi ya ushahidi alionao. Na wadai ni wengi, kwa sababu siasa za leo zimeingia katika mihuri ya miaka elfu nne iliyopita.

Mdomo kabla ya kalamu

Miji hiyo ilififia, na wataalamu wengi siku hizi huhusisha jambo hilo na mabadiliko ya hali ya hewa na mito kupungukiwa maji. Sauti ya kwanza tunayoisikia baada ya hapo ni ya Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028 za kidini zilizotungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K. hivi. Lugha yake ni Kisanskriti cha kale, lugha yenye undugu na Kiajemi, Kigiriki na Kilatini, iliyoingia India kutoka upande wa kaskazini-magharibi.

Hapa wenzetu wa fasihi simulizi wana jambo la kujifunza. Tenzi hizi zilihifadhiwa kwa karne nyingi bila kuandikwa. Mwanafunzi alikariri ubeti mzima, kisha neno moja moja, kisha maneno mawili mawili kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, ili kosa lolote lijitokeze lenyewe. Tumezoea kufundisha kwamba masimulizi hubadilika kila msimuliaji anapofungua kinywa. Mara nyingi ndivyo. Lakini Rigveda inaonyesha kwamba jamii ikitaka neno lisibadilike, inaweza kulilinda kwa masikio na ulimi, tena kwa usahihi unaoshinda maandishi mengi ya kunakiliwa kwa mkono.

Katika mazingira hayo ya masikio makali ndipo alipotokea Panini, mzaliwa wa Shalatura, karibu na Attock ya leo nchini Pakistan. Aliishi katika karne ya 5 au ya 4 K.K. Sarufi yake ina kanuni fupi zipatazo 4,000, zilizobanwa mithili ya kanuni za hesabu, na zinazalisha maumbo sahihi ya lugha kutoka mizizi na viambishi. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield, ambaye tunamsoma katika mwaka wa kwanza, hakuficha alivyoistaajabia kazi hiyo. Nami huwaambia wanafunzi wanaolalamika juu ya ngeli na minyambuliko ya vitenzi kwamba wamshukuru Mungu hawakuzaliwa katika darasa la Panini.

Neno Sanskriti maana yake ni kilichosanifiwa, kilichotengenezwa vizuri. Ni "Kisanifu", kwa maneno mengine. Lugha za kawaida za watu ziliitwa Prakriti, yaani za asili. Tangu wakati huo India ikawa na ngazi mbili: juu lugha sanifu ya makuhani na wasomi, chini lugha za sokoni na nyumbani. Buddha, aliyehubiri mnamo karne ya 5 K.K., alichagua ngazi ya chini. Mapokeo ya wafuasi wake yanasema kwamba alikataa maneno yake yageuzwe kuwa katika lugha ya Veda, akataka watu wajifunze kwa lugha zao. Mahavira, kiongozi wa Wajaini, naye anakumbukwa kwa kuhubiri katika lugha ya watu.

Mfalme aliyeandika kwenye miamba

Dola ya kwanza kubwa, ya ukoo wa Maurya, iliasisiwa na Chandragupta mnamo mwaka 321 K.K. Mjukuu wake Ashoka alitawala kuanzia mwaka 268 hadi 232 K.K. hivi, toka Afghanistan ya leo hadi karibu na ncha ya kusini. Katika mwaka wa nane wa utawala wake alishambulia nchi ya Kalinga, pwani ya mashariki. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengi zaidi ya hao walikufa, na kwamba alijutia. Sijui mfalme mwingine wa kale aliyeshinda vita na kisha akachonga majuto yake jiweni ili raia wasome.

Kwetu sisi la kuzingatia ni lugha aliyochagua. Hakuandika kwa Kisanskriti. Aliandika kwa Prakriti, tena akiruhusu tofauti za kimaeneo, kwa hati ya Brahmi sehemu nyingi na hati ya Kharoshthi kaskazini-magharibi. Huko Kandahar, ambako raia wake walikuwemo Wagiriki, lilipatikana mwaka 1958 tangazo lake lililoandikwa kwa Kigiriki na Kiaramu. Huyu ni mtawala aliyetaka kueleweka. Hata hivyo, karne zilipopita hati ya Brahmi ilisahauliwa kabisa, na nguzo zake zikasimama bubu mpaka James Prinsep alipofaulu kuisoma mwaka 1837. Simba wa nguzo ya Ashoka ya Sarnath ndio nembo ya India ya leo, na gurudumu lililo katikati ya bendera ni la nguzo hiyo hiyo.

Zama za ukoo wa Gupta, takriban mwaka 320 hadi 550 B.K., huitwa na wengi zama za dhahabu. Mimi huwa na wasiwasi na dhahabu za namna hii, kwa kuwa anayezisifu kwa kawaida hakuwa mkulima wa wakati huo. Ila ni kweli kwamba Kisanskriti kilirudi juu kwa kishindo. Kalidasa, ambaye kwa kawaida huwekwa katika zama hizi, alitunga tamthilia ambamo wafalme huzungumza Kisanskriti, ilhali wanawake na watumishi huzungumza Prakriti jukwaani. Tabaka linasikika kwa lugha. Mwanahisabati Aryabhata aliandika kitabu chake mwaka 499, na mwaka 628, baada ya dola ya Gupta kuvunjika, Brahmagupta aliweka kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Neno la Kisanskriti la sifuri ni shunya, yaani tupu. Waarabu walilitafsiri kuwa sifr, nasi tukalipokea kutoka kwao. Hili ni neno la mkopo ambalo hakuna aliyeliandika ubaoni siku ile, kwa sababu India iliyomo ndani yake imevaa kanzu ya Kiarabu.

Kusini habari ilikuwa nyingine. Kitamil kilikuwa na fasihi yake tangu karne za mwanzo B.K., na wafalme wa Chola waliandika hati zao za ardhi na kodi kwa Kitamil kwenye kuta za mahekalu. Rajaraja wa Kwanza alikamilisha hekalu kubwa la Thanjavur mwaka 1010, na mwanawe Rajendra akatuma merikebu za vita hadi Srivijaya, katika Indonesia ya leo, mwaka 1025. Vitabu vinavyoandikwa kutokea Delhi huwapa Wachola ukurasa mmoja. Mimi pia nimewapa aya moja tu, na Mtamil akisoma hapa atanilaumu kwa haki.

Kiajemi na weledi wake

Waarabu waliteka Sindh mwaka 711 na 712, lakini mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1206, usultani wa Delhi ulipoanzishwa na makamanda wa asili ya Kituruki. Watawala hao nyumbani walikuwa Waturuki, katika dini walitumia Kiarabu, na ofisini waliandika Kiajemi. Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba "kipindi cha Waislamu" kilikuwa cha Kiarabu.

Ushahidi mzuri tunao kutoka kwa msafiri tunayemfahamu. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka miwili baadaye akavuka mto Indus. Sultani Muhammad bin Tughlaq alimteua kuwa kadhi wa Delhi. Ibn Battuta alijitetea kwamba yeye ni wa madhehebu ya Maliki ilhali watu wa huko ni wa Hanafi, na isitoshe hajui lugha. Sultani akampa wasaidizi wawili wa kufanya kazi kwa niaba yake, na mshahara ukabaki wa kwake. Wapo wakuu wa ofisi hata leo wanaofanya kazi kwa utaratibu huo.

Wakati Kiajemi kikitawala ofisini, chini lugha za watu zilikuwa zikichanua. Katika mji wa Delhi na viunga vyake lahaja ya wenyeji ilichanganyika na maneno ya Kiajemi na Kiarabu, na ikaenea pamoja na askari na wafanyabiashara. Sarufi yake ilibaki ya Kihindi; msamiati ukapanuka. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa zaidi jinsi jambo hilo linavyotokea. Na katika kila jimbo walitokea watunzi wa dini waliokataa kumwendea Mungu kwa lugha ya makuhani. Dnyaneshwar aliufafanua utenzi wa Gita kwa Kimarathi mnamo mwaka 1290. Kabir, mfumaji nguo wa Banaras katika karne ya 15, aliwakemea mapadri wa Kihindu na mashehe kwa pamoja katika lugha ya mtaani, na wote wawili wakaja kumgombania alipokufa. Tulsidas alianza kuitunga upya hadithi ya Rama kwa Kiawadhi mwaka 1574. Hawa ndio waliofanya lugha za India zilizo hai kuwa lugha za fasihi, si wafalme.

Mwaka 1526 Babur alishinda vita vya Panipat na kuanzisha dola ya Mughal. Kitabu cha maisha yake alikiandika kwa Kituruki cha Chagatai. Mjukuu wake Akbar aliagiza kitafsiriwe kwa Kiajemi, kwa sababu kizazi cha tatu lugha ya babu ilikuwa ikiwaponyoka. Katikati ya wawili hao aliingia Sher Shah, Mwafghani aliyewanyang'anya Wamughal kiti kuanzia mwaka 1540 hadi 1545 na kupiga sarafu ya fedha iitwayo rupia. Sarafu hiyo iliwaishi wote. Hata hapa Afrika Mashariki ya Kiingereza watu walilipwa kwa rupia hadi mwaka 1920, na wazee waliendelea kuhesabu kwayo.

Akbar, aliyetawala toka 1556 hadi 1605, alifuta kodi ya wasio Waislamu mwaka 1564, na mwaka 1582 Kiajemi kikafanywa lugha ya hesabu za serikali hadi ngazi za chini. Waliofaidika zaidi walikuwa makarani wa Kihindu, waliokimbilia kujifunza Kiajemi na baada ya vizazi viwili vitatu wakawa mabingwa wake. Aliagiza pia utenzi mkuu wa Mahabharata utafsiriwe kwa Kiajemi. Kitukuu chake Dara Shikoh alitafsiri Upanishadi mwaka 1657. Miaka miwili baadaye aliuawa kwa amri ya ndugu yake Aurangzeb, aliyeirudisha kodi ile mwaka 1679. Wanaotaka kutumia historia kama rungu humchagua mmoja wa ndugu hawa na kumsahau mwingine.

Upande wa magharibi, Shivaji wa Wamaratha alijivika taji mwaka 1674. Alikuwa na malalamiko ambayo tunayafahamu: lugha ya ofisi yake ilikuwa imejaa maneno ya kigeni. Akamwagiza msomi atunge kamusi ya istilahi za utawala, kuondoa maneno ya Kiajemi na kuweka ya Kisanskriti badala yake. Ilikamilika mnamo mwaka 1677 ikiwa na istilahi zaidi ya elfu moja. Baadhi zilishika, nyingi hazikushika, na Kimarathi cha mahakamani kikaendelea na Kiajemi chake. Kamati za istilahi si uvumbuzi wa karne yetu.

Kampuni yaja na kugawa lugha

Kampuni ya Waingereza ya biashara ya Mashariki ilipata hati yake tarehe 31 Desemba 1600. Kwa miaka 150 ilikuwa ya wafanyabiashara wenye bunduki kiasi. Baada ya vita vya Plassey mwaka 1757, na haki ya kukusanya kodi ya Bengal mwaka 1765, ikawa serikali. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1770, njaa kubwa iliteketeza Bengal huku kodi ikiendelea kukusanywa.

Serikali mpya ilihitaji maofisa wenye kujua lugha, na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha swali la mwanafunzi wangu. Mwaka 1800 chuo cha Fort William kilifunguliwa Calcutta. Mkuu wa idara ya lugha waliyoiita Kihindustani alikuwa John Gilchrist. Hakukuwa na vitabu vya nathari vya kufundishia, basi akaajiri waandishi. Mir Amman aliandika kisa chake kwa hati ya Kiarabu-Kiajemi na msamiati wa Delhi kama ulivyokuwa. Lallu Lal aliandika kwa hati ya Devanagari, akijitahidi kuepuka maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Sarufi ya vitabu hivyo viwili ni moja. Fikirini mtu achukue Kiswahili cha Mombasa, aandike kitabu kimoja kwa hati za Kiarabu kikiwa na saa, kitabu, habari na wakati. Kisha aandike cha pili kwa hati za Kirumi, akiyafukuza maneno yote hayo na kutafuta ya Kibantu badala yake. Halafu shule zifundishe vitabu hivyo kama lugha mbili. Si kwamba Fort William peke yake ndiyo iliyozaa Kihindi na Kiurdu, maana hati mbili na mielekeo miwili ilikuwapo kabla. Lakini pale utengano ulipewa vitabu vya kiada, mitihani na mishahara, na sote tunajua kwamba kitu kikishaingia kwenye mtihani hakitoki kirahisi.

Mwaka 1835 Thomas Macaulay aliandika waraka wake uliopendekeza fedha za elimu ya juu zielekezwe kwenye Kiingereza. Katika waraka huo huo alikiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Alitaka lipatikane tabaka la wakalimani kati ya watawala na mamilioni ya watawaliwa. Mwaka 1837 Kiajemi kikaondolewa mahakamani. Mahali pake palichukuliwa na Kiingereza juu, na lugha za majimbo chini. Kaskazini, lugha hiyo ya chini ilikuwa Kiurdu. Makarani wa Kihindu waliojua Devanagari tu wakajikuta nje ya mlango, na tangu hapo ugomvi wa hati ukawa ugomvi wa mkate. Ulichukua miaka 60 na zaidi. Mwaka 1900 serikali ya jimbo la kaskazini iliruhusu Devanagari katika mahakama, Wahindu wengi wakashangilia, na Waislamu wengi wakahesabu hasara.

Kati ya matukio hayo mawili yalitokea maasi makubwa ya mwaka 1857, yaliyoanza Meerut tarehe 10 Mei. Askari wa Kihindu na wa Kiislamu walikwenda pamoja Delhi kumsimamisha mfalme mzee Bahadur Shah, Mughal wa mwisho, ambaye alikuwa mshairi wa Kiurdu kuliko alivyokuwa amiri jeshi. Waingereza walishinda kwa ukatili mkubwa, wakampeleka uhamishoni Rangoon, akafia huko mwaka 1862. Kampuni ikavunjwa, na kuanzia 1858 India ikawa chini ya taji la Uingereza moja kwa moja. Mwaka huo huo wa maasi vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras vilianzishwa, vikifundisha kwa Kiingereza.

Ni katika zama hizi za taji ndipo Wahindi wa historia yetu walipoongezeka. Kati ya 1896 na 1901 vibarua zaidi ya 30,000, wengi wao Wapunjabi, waliletwa kujenga reli ya Uganda, na karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Wenye maduka kwa sehemu kubwa walikuwa watu wengine: Wagujarati na Wakachchi, waliokuwa na uhusiano na Zanzibar kabla ya reli. Basi neno la Kipunjabi lingeweza kuja na mjenzi wa reli, na neno la Kigujarati na mwenye duka, na vyote tukaviita Kihindi.

Uhuru na mpaka

Chama cha Congress kilianzishwa Bombay mwaka 1885 na mawakili waliojadiliana kwa Kiingereza. Mohandas Gandhi ndiye aliyelitilia uzito suala la lugha. Kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya kujitawala alikiandika kwa Kigujarati akiwa melini kutoka London kwenda Afrika Kusini. Chini ya uongozi wake Congress ilipanga upya matawi yake mwaka 1920 kufuata maeneo ya lugha, si mipaka ya majimbo ya Kiingereza, ili mkulima aweze kuhudhuria mkutano na kuuelewa. Mwaka 1919 askari waliwafyatulia risasi raia katika uwanja wa Jallianwala mjini Amritsar. Hesabu rasmi ilikuwa watu 379, na Wahindi walisema ni wengi zaidi. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kilomita zaidi ya 380 hadi bahari ya Dandi kuokota chumvi. Vijiji alivyopita havikuhitaji mkalimani.

Gandhi alitaka lugha ya taifa iwe Kihindustani, kile kile kilichozungumzwa sokoni, kwa hati zote mbili. Wakati huo hati zilikuwa zimekwisha kuwa bendera. Muslim League, kilichoundwa Dhaka mwaka 1906, kilidai mwaka 1940 mjini Lahore dola huru za Waislamu, na Kiurdu kikawa alama ya madai hayo, kama Kihindi kilivyokuwa alama upande wa pili. Mwaka 1943 njaa ya Bengal iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu, na Waingereza wakatoka vitani bila fedha wala nguvu ya kubaki.

Mwenye kuchora mpaka alikuwa Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye, kama Mill, hakuwa amewahi kufika India. Aliwasili Julai 1947 na akamaliza kwa wiki tano. Uhuru ulikuja usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Agosti, na ramani ikatangazwa tarehe 17. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama, na waliouawa ni mamia ya maelfu, huenda milioni moja au zaidi. Punjab ilikatwa katikati, ingawa pande zote mbili zilizungumza Kipunjabi. Bengal ilikatwa vilevile. Hotuba mashuhuri ya Jawaharlal Nehru ya usiku ule ilitolewa kwa Kiingereza.

Gandhi aliuawa Januari 1948. Tarehe 14 Septemba 1949 bunge la katiba liliamua kwamba lugha rasmi ya muungano ni Kihindi kwa hati ya Devanagari, huku Kiingereza kikiendelea kutumika kwa miaka 15. Hakijaondoka hadi leo. Katiba iliorodhesha lugha 14, Kiurdu mojawapo, na Kihindustani hakikuwemo. Lugha ambayo Gilchrist aliifungulia idara ilikosa mahali katika orodha ya nchi ilikozaliwa. Pakistan nayo ilishikilia Kiurdu pekee, na tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi wanafunzi mjini Dhaka waliokuwa wakidai Kibengali. Idara yetu inapoadhimisha Siku ya Lugha Mama kila tarehe hiyo, tunawakumbuka wao.

Nilimpa mwanafunzi wangu nakala ya makala haya kabla hayajapelekwa kwa mhariri. Aliyarudisha baada ya siku mbili na swali jingine: "Sasa, Mwalimu, kwenye zoezi letu tuandike nini?" Kwa bepari tumekubaliana kuandika Kigujarati. Kwa sifuri tumeandika Kiarabu, na chini yake Kisanskriti. Kwa gari na laki bado tunabishana.